Divai ya mtungini ilivyotafuta njia nyingine baada ya mpaka kufungwa

Machi 2006, mamlaka ya afya ya Urusi ilitangaza kwamba divai ya Georgia na ya Moldova haitaingia tena nchini humo. Sababu iliyotajwa ni mabaki ya viuatilifu na metali nzito. Mei ikafika zamu ya maji ya chupa ya Borjomi, bidhaa nyingine ya Georgia iliyokuwa ikipendwa sana na Warusi. Julai, Urusi ikafunga kituo cha mpakani cha Lars kilicho kwenye milima ya Caucasus, ikisema inakifanyia ukarabati. Ukarabati huo ulichukua karibu miaka minne. Malori hayakuvuka tena hapo hadi Machi 2010.

Wafanyabiashara wa ukanda huu wanaujua wimbo huo. Februari 2019 malori yaliyozoea kupita Gatuna, kati ya Rwanda na Uganda, yaliambiwa yazungukie Kagitumba kwa sababu ya ujenzi, na mpaka huo haukurudi katika hali yake hadi mwisho wa Januari 2022. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Zuio lile lilidumu siku chache tu kabla ya kulegezwa kwa masharti, lakini siku hizo zilitosha kuwalaza madereva Namanga na mzigo wao. Maofisa wanaweza kuwa na hoja ya kweli ya afya au ya ujenzi. Mwenye mzigo humfikia jambo moja tu: jana njia ilikuwepo, leo haipo.

Tofauti ni kwamba marufuku ya Georgia ilidumu miaka saba. Kwa hiyo nchi hiyo ndogo ni mahali pazuri pa kutazama kinachoipata bidhaa mteja wake mkubwa anapofunga mlango. Msomaji asiyegusa kileo naye asiruke ukurasa huu, maana habari yenyewe ni ya mpaka zaidi kuliko ya chupa.

Georgia inayozungumzwa hapa si jimbo la Marekani. Ni nchi iliyo kati ya Bahari Nyeusi na milima ya Caucasus, yenye watu wasiofikia milioni nne, na iliyotoka katika Umoja wa Kisovyeti mwaka 1991. Kaskazini imepakana na Urusi, na kusini na Uturuki, Armenia na Azerbaijan. Kabla ya marufuku, zaidi ya robo tatu ya divai iliyouza nje ilinunuliwa na Urusi. Mwaka 2005 mauzo yote ya nje ya divai yaliiletea karibu dola milioni 80 za Marekani. Miaka miwili baadaye yalikuwa yameshuka hadi takribani dola milioni 30.

Mtungi uliozikwa

Kinachofanya mkasa huu uwe mzito ni umri wa kazi yenyewe. Mwaka 2017 timu ya wanasayansi, akiwamo mwanaakiolojia wa kemia Patrick McGovern, ilichapisha matokeo ya uchunguzi wa vigae vilivyofukuliwa Gadachrili Gora na Shulaveris Gora, kusini mwa mji mkuu Tbilisi. Ndani ya vigae hivyo yalipatikana mabaki ya asidi ya zabibu ya miaka takribani 6000 kabla ya Kristo. Hadi siku hiyo hapakuwa na ushahidi wa kale zaidi ya huo wa divai ya zabibu. Wageorgia, ambao tangu zamani husema wao ndio walioanza, hawakuonekana kushangaa.

Chombo cha kazi ni mtungi mkubwa wa udongo uitwao kvevri, wenye umbo la yai na kitako kilichochongoka. Ule mdogo huchukua lita chache, na mikubwa hupita lita elfu mbili. Mfinyanzi haufinyangi kwa siku moja. Hupandisha ukuta wa udongo mduara kwa mduara, akingoja kila tabaka likauke kiasi kabla ya kuongeza jingine, kwa hiyo mtungi mkubwa humchukua wiki kadhaa. Kisha huchomwa kwenye tanuri kwa siku nyingi mfululizo. Ukiwa bado na joto hupakwa nta ya nyuki kwa ndani, na kwa nje hupigwa chokaa. Halafu huzikwa ardhini, ukabaki mdomo tu. Ukishazikwa hauhamishwi, na nyumba au kibanda hujengwa juu yake. Chumba hicho cha mitungi huitwa marani, na kwa familia nyingi za mkoa wa Kakheti, mashariki mwa nchi, ndicho chumba kinachoheshimiwa kuliko vyote.

Msomaji wa Rwanda au Burundi anayejua jinsi ndizi zinavyofukiwa shimoni ziive kabla ya kukamuliwa urwagwa ataelewa upesi kwa nini ardhi inatumika. Udongo hauna haraka. Mchana jua linaweza kuwaka na usiku theluji ikaanguka, lakini chini kule joto hubadilika kidogo kidogo tu. Divai haichemki kupita kiasi wala haigandi, na mwenye nyumba halipi umeme.

Mavuno, ambayo huitwa rtveli, huangukia Septemba na Oktoba. Kwa divai nyekundu zabibu inayotawala ni Saperavi, jina linalobeba maana ya kutia rangi. Zabibu nyingi nyeusi ukizipasua utakuta nyama yake ni nyeupe, na wekundu wote uko kwenye ganda. Saperavi ni tofauti. Nyama yake yenyewe ina wekundu, na juisi yake hutia madoa mikono ya wavunaji. Kwa njia ya kale zabibu hukanyagwa kwa miguu ndani ya gogo lililochongwa kama mtumbwi. Juisi huingia mtungini pamoja na maganda na mbegu, na mara nyingine vikonyo. Mkusanyiko huo wa maganda Wageorgia huuita chacha, neno ambalo Mswahili aliyewahi kusahau togwa jikoni hahitaji kutafsiriwa, ingawa kufanana huko ni kwa bahati tu.

Hakuna chachu ya dukani inayowekwa. Iliyo kwenye ganda la zabibu na ndani ya marani inatosha. Kwa siku za mwanzo maganda hupanda juu kama kifuniko, na mtu husimama na mti mrefu akiyasukuma chini mara kadhaa kwa siku ili yasikauke na kuota ukungu. Mchemko ukitulia, mbegu na maganda huzama kwenye ncha ya mtungi. Hapo umbo la yai linaonyesha faida yake: mbegu chungu hukusanyika mahali padogo chini, zikafunikwa na maganda, na divai iliyo juu hubaki imejitenga nazo. Mdomo hufunikwa na kuzibwa, na hapo kazi inayobaki ni kungoja hadi machipuko, Machi au Aprili.

Kusafisha mtungi mtupu ni kazi ya watu wenye subira. Mtu huingia ndani, kama mtungi ni mkubwa, au husimama juu akisugua kwa brashi iliyoshonwa kwa magome ya mcheri na vifungu vya majani ya mitishamba, akimwaga maji tena na tena hadi yanayotolewa yawe safi. Mtungi uliooshwa vibaya huharibu divai ya mwaka mzima, na hakuna dawa ya kuirudisha.

Mzabibu mzee na bei ya kilo

Mzabibu huanza kuzaa vya kutosha ukiwa na miaka mitatu hivi. Kwa miongo miwili au mitatu huzaa kwa nguvu, kisha mavuno huanza kupungua. Shina hunenepa na kupinda, mizizi hushuka kina kirefu zaidi, na vichala huwa vichache na mara nyingi vidogo. Watengeneza divai wengi hupenda zabibu za mashina kama hayo. Mzabibu mzee, wanasema, hauyumbishwi sana na ukame wa mwaka mmoja, na uchache wa vichala hufanya ladha ya kila kimoja iwe nzito.

Hapo ndipo hesabu inapokuja. Mkulima anayelipwa kwa kilo hana sababu ya kutunza shina la miaka 50 linalompa nusu ya zabibu za jirani yake aliyepanda upya, na shoka litaingia shambani tu. Mkulima atakayelitunza ni yule anayelipwa kwa chupa yenye jina la mahali na la zabibu. Dodoma, ambako wamisionari wa Kikatoliki walipanda mizabibu Bihawana katikati ya karne iliyopita na ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, kilio cha wakulima kwa miaka mingi kimekuwa ni hicho: wanunuzi wachache, na bei inayopangwa kwa kilo lori likiwa limeshasimama shambani.

Afrika Kusini imejaribu kulitibu jambo hili kwa karatasi ndogo. Kwa zaidi ya miaka mitano sasa, chupa iliyotokana na mizabibu yenye umri wa miaka 35 au zaidi inaweza kubandikwa muhuri maalumu unaoonyesha mwaka mizabibu hiyo ilipopandwa. Mnunuzi husoma mwaka huo, huamua kama anautaka uzee, na kuulipia. Shamba ambalo lingeng'olewa limepata sababu ya kubaki.

Mizabibu ya Georgia ilifika uzee kwa njia ngumu zaidi. Mwishoni mwa karne ya 19 mdudu filoksera, anayekula mizizi, aliingia kama alivyoingia Ulaya nzima, na mashamba mengi yakalazimika kupandwa upya kwa kupandikizwa kwenye mashina ya Kimarekani. Ukaja utawala wa Kisovyeti. Nchi ina aina za asili za zabibu zaidi ya 500, lakini wapangaji wa uchumi walitaka tani. Walibakiza aina chache tu, na kati ya hizo Rkatsiteli nyeupe na Saperavi nyekundu zikajaza mabonde. Zabibu zilipelekwa kiwandani, divai ikaingia kwenye mapipa makubwa ya chuma na kusafirishwa kwenda Moscow na miji mingine. Mei 1985 Mikhail Gorbachev alianza kampeni dhidi ya ulevi, na sehemu ya mashamba ikang'olewa. Baada ya uhuru ardhi ya mashamba ya pamoja iligawiwa vipande vidogo kwa familia, hadi hekta moja na robo, wakati nchi iko vitani na umeme haupo.

Katika miaka yote hiyo njia ya kvevri haikufa kwa sababu serikali haikuwa na haja nayo. Mzee wa kijiji alipeleka zabibu za shamba la pamoja kiwandani, na za mzabibu uliotanda juu ya ua wake akazitia kwenye mtungi wake kwa ajili ya harusi, misiba na wageni. Magharibi mwa nchi kulikuwa na mizabibu iliyoachwa ipande juu ya miti mirefu. Mvunaji alipanda mti akiwa na kikapu chembamba chenye ncha, akakishusha kwa kamba kikiwa kimejaa. Kusini, katika Meskheti karibu na mpaka wa Uturuki, mizabibu mikongwe ilibaki msituni na kwenye matuta yaliyotelekezwa, ikiwa imekumbatia miti, bila mtu wa kuipogoa. Hakuna kati ya hiyo iliyoingia kwenye takwimu za mauzo ya nje. Ilikuwa mali ya nyumbani.

Ubaya wa mteja mmoja

Ni lazima isemwe pia kwamba divai iliyozuiwa mwaka 2006 haikuwa yote ya kuonewa huruma. Katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, jina la Georgia lilikuwa likibandikwa kwenye chupa zilizojazwa kitu kingine kabisa, nyingine ndani ya Urusi kwenyewe. Divai bandia lilikuwa tatizo la kweli, na viwanda vingine halali viliuza chochote kwa kuwa mnunuzi hakuuliza. Soko la karibu, linalozungumza lugha mnayoielewa na linalonunua kila mnachopakia, hufundisha uvivu.

Lakini marufuku haikutenganisha mzuri na mbaya. Chupa safi na chupa bandia zilisimama pamoja upande mmoja wa mpaka, wakati uhusiano wa kisiasa wa nchi hizo mbili ukizidi kuharibika. Mwishoni mwa Septemba 2006 Georgia iliwakamata maofisa wa kijeshi wa Urusi kwa tuhuma za ujasusi. Urusi ikakata safari za ndege na huduma za posta, na kuwafukuza Wageorgia wengi. Agosti 2008 ilikuwa vita.

Viwanda vikubwa vilihangaika kwanza. Vilikimbilia Ukraine, Kazakhstan, Belarus, Poland na nchi za Baltiki, kwingi kwao watu waliokwisha kulijua jina la Georgia tangu enzi za Kisovyeti. Huko nako waligundua kwamba mnunuzi ana maabara na ana maswali. Vipimo vikawa jambo la lazima. Baadaye serikali iliunda Wakala wa Taifa wa Divai, na siku hizi divai haisafirishwi bila cheti cha maabara na bila kuonjwa na jopo. Majina ya mahali yakalindwa kisheria. Mukuzani ni divai kavu ya Saperavi kutoka eneo lenye jina hilo, na Kindzmarauli, ya Saperavi pia, ina utamu kidogo na hutoka kwenye ardhi iliyopimwa upande wa Kvareli. Leo majina ya namna hiyo yamepita 20. Anayebandika Kindzmarauli kwenye chupa ya zabibu za bonde jingine anavunja sheria.

Walioshangaza ni wadogo. Mtu mwenye mitungi minne ardhini hakuwa na la kupoteza Urusi, maana hakuwahi kuuza huko. Wakati viwanda vinatafuta mnunuzi wa makontena, yeye alihitaji mnunuzi wa katoni 200. Na wakati huohuo, Ulaya, Marekani na Japani kulikuwa na wanunuzi wapya waliochoshwa na divai za kiwandani zinazofanana, wakitafuta kitu kisichowekewa dawa wala chachu ya kununua. Mtaliano Josko Gravner, mtengeneza divai wa Friuli, alikuwa ameshakwenda Georgia mwaka 2000, na akaanza kutia divai yake kwenye mitungi aliyoiagiza kutoka huko. Kwa hiyo wapenzi wa divai walikuwa wameshasikia neno kvevri kabla hawajakutana na wenye neno.

Katika monasteri ya Alaverdi, Kakheti, ambako watawa walikuwa wakitengeneza divai tangu Zama za Kati, mitungi ilirudishwa kazini. Mwaka 2007 mchoraji Mmarekani John Wurdeman, aliyehamia mji wa Sighnaghi, alishirikiana na mkulima Gela Patalishvili kuanzisha kampuni ya Pheasant's Tears. Wanatumia kvevri tu, na divai yao imefika kwenye mikahawa ya New York na Tokyo. Familia nyingine zikafuata, moja baada ya nyingine, zikichapisha lebo yenye jina la kijiji na jina la zabibu. Desemba 2013 UNESCO iliiweka njia ya kvevri kwenye orodha ya urithi usioshikika wa binadamu.

Isidhaniwe kwamba mitungi iliiokoa nchi. Divai ya kvevri bado ni sehemu ndogo tu ya yote inayotengenezwa Georgia, na nyingi iliyobaki inatoka kwenye matangi ya chuma kama divai ya popote. Kilichobadilika ni hesabu ya kijiji. Zabibu za shina la zamani, zilizokuwa na bei ileile ya kilo kama nyingine zote, zilipata mlango wa pili ambamo uzee na uchache vinaongeza bei. Wafinyanzi, ambao idadi yao ilikuwa imebaki ya kuhesabu kwa vidole katika vijiji vichache vya Kakheti na Imereti, walianza kupata oda za kungojewa, nyingine kutoka nje ya nchi.

Kwa upande wa dola, faida ya lebo ile iliivuta nchi nzima. Mnunuzi wa London au Warsaw aliyevutwa na hadithi ya mtungi aliishia mara nyingi kununua pia Saperavi ya kawaida ya kiwandani, kwa kuwa ni rahisi zaidi na sasa alilijua jina. Juni 2014 Georgia ilisaini mkataba na Umoja wa Ulaya unaohusisha biashara huria. Wa China ulianza kutumika Januari 2018.

Lars imefunguliwa tena

Jinsi marufuku ilivyoondolewa inawafaa wanaofuatilia vikao vya biashara vya Arusha. Urusi ilitaka kuingia Shirika la Biashara Duniani. Georgia ilikuwa mwanachama tangu mwaka 2000, na mwombaji mpya huhitaji ridhaa ya waliomo ndani. Nchi ndogo yenye divai iliyozuiwa ikajikuta na kura ambayo Moscow ilihitaji. Novemba 2011, kwa upatanishi wa Uswisi, pande mbili zilikubaliana kuhusu usimamizi wa forodha, na Agosti 2012 Urusi ikawa mwanachama. Oktoba serikali ya Georgia ilibadilika kwa uchaguzi. Mapema 2013 wakaguzi wa Urusi walikuja kuvitembelea viwanda, na katikati ya mwaka huo chupa zikavuka.

Zilivuka nyingi. Katika muda mfupi Urusi ilirudi kuwa mnunuzi namba moja, na katika miaka ya karibuni imekuwa ikichukua zaidi ya nusu ya divai yote ambayo Georgia inauza nje. Ni rahisi kulaumu, ila mwenye kiwanda ana majibu. Lori likipita Lars bila foleni liko Urusi siku hiyohiyo, wakati kontena la kwenda China au Marekani hukaa baharini wiki kadhaa. Mnunuzi wa Moscow anaipenda Kindzmarauli kama ilivyo, na meneja wa mauzo mwenye umri wa miaka 50 anazungumza Kirusi bila mkalimani. Mwaka 2022 mauzo ya nje yalipita lita milioni 100 na dola milioni 200, viwango ambavyo mwaka 2007 vingeonekana ndoto, na bila Urusi visingefikiwa.

Lakini mkono unaoshika komeo ni uleule. Juni 2019, baada ya maandamano Tbilisi ya kumpinga mbunge wa Urusi aliyeketi kwenye kiti cha spika wa bunge la Georgia, Urusi ilisimamisha safari za ndege za moja kwa moja na mamlaka yake ya afya ikatangaza kuongeza ukaguzi wa divai ya Georgia. Safari hiyo chupa hazikuzuiwa, ujumbe ulifika tu. Februari 2022 vita vya Ukraine viliharibu soko jingine kubwa la divai hiyo, na vikwazo vya nchi za Magharibi dhidi ya Urusi vikasukuma mizigo mingi zaidi kwenye njia ya Lars. Foleni za malori zimekuwa zikijipanga kwa kilomita nyingi bondeni, na maporomoko ya theluji na ya mawe yakianguka barabara hufungwa bila kujali nani ana cheti gani.

Kwa hiyo Georgia ya leo ina biashara mbili za divai ndani ya nchi moja. Moja ni ya viwanda, ya wingi, na inaelekea kaskazini. Ya pili ni ya mitungi na mashina ya zamani, ya katoni chache, na sehemu yake kubwa inakwenda kwingineko. Ya kwanza ndiyo inayolipa mishahara mingi. Ya pili ndiyo iliyowapa wauzaji wa ya kwanza jina la kusimamia walipofukuzwa sokoni, na ikiwa Lars itafungwa tena kesho, mwenye mitungi minne ataendelea kulala usingizi kuliko mwenye matangi 40. Serikali imekuwa ikiwashawishi wenye viwanda wapeleke zaidi Ulaya, Asia na Marekani, na inalipia maonyesho ya biashara huko. Wenye viwanda wanakwenda kwenye maonyesho, kisha wanarudi nyumbani na kupakia malori ya Urusi.

Machi au Aprili, mitungi iliyozibwa baada ya mavuno ya Oktoba hufunguliwa. Saperavi iliyotoka humo huwa nyeusi karibu kama wino, kali kidogo ulimini. Nyingine hunywewa papo hapo kijijini, nyingine hutiwa kwenye chupa, zikapangwa kwenye katoni zenye jina la kijiji, na kupelekwa magharibi hadi bandari ya Poti kwenye Bahari Nyeusi. Wakati huo huko milimani theluji huwa haijaisha, na malori ya divai ya kiwandani huwa yamesimama kwenye foleni yakingoja Lars ifunguliwe.